Miezi mingi ugenini India: Safari ya mtoto anayempa nduguye uboho

WAKAZI wa Kanduyi wanapofanya harambee kuichangia familia nauli ya kumpeleka India mtoto anayeugua selimundu, jina linaloandikwa kwenye kadi ya mchango huwa la mgonjwa. Aghalabu safari hiyo huwa na mtoto wa pili, mzima wa afya, ambaye jina lake haliandikwi popote. Huyo ndiye atakayetolewa uboho.

Selimundu imekita mizizi katika maeneo yaliyosumbuliwa na malaria kwa karne nyingi, yakiwemo Bungoma, Busia, Kakamega na kandokando ya Ziwa Victoria. Sababu ni kwamba mtu aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu na matatizo mengine, lakini haiondoi ugonjwa. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ni ghali kupita kiasi. Kwa hivyo, tegemeo la familia nyingi zinazotafuta kupona kabisa ni kupandikizwa uboho.

Uboho ni ule ute wa ndani ya mfupa ambao walaji wa supu wanaujua vyema. Ndio kiwanda cha damu. Madaktari hukiua kiwanda cha mgonjwa kwa dawa kali, kisha humtia uboho wa mtu mwingine aliyeoana naye kwa alama za kinga ya mwili. Anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kwa nne ya kuoana na mgonjwa kikamilifu. Nafasi hiyo si ahadi. Nyumba yenye watoto sita inaweza kumkosa hata mmoja, na yenye wawili ikabahatika. Ndugu aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja pia anaweza kutoa. Kipimo hufanywa kwa damu au mate, na kinafaa kukamilika kabla ya tiketi kukatwa, ili familia isije ikagundua huko ugenini kwamba mtoto iliyesafiri naye hafai.

India imekuwa kimbilio kwa sababu ya bei na ujuzi. Hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai ilianza upandikizaji huu mwaka wa 1983, na ile ya CMC mjini Vellore, katika jimbo la Tamil Nadu, ikafuata 1986. Nchi hiyo ina watoto wengi wenye thalasemia, ugonjwa wa damu ulio jamaa ya selimundu, na madaktari wake wamepata mazoezi ya miaka mingi.

Viza ya India inayoombwa mtandaoni huruhusu wasindikizaji wasiozidi wawili kwa kila mgonjwa. Hapo ndipo familia hugawanyika. Mama husafiri na watoto wawili, baba hubaki akitafuta pesa, na wadogo huachwa kwa kukhu. Kila msafiri anayetoka Kenya, mtoto naye, huhitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano iliyotolewa angalau siku 10 kabla ya kufika. Asiye nacho anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku sita.

Hebu tumfikirie mtoto wa Gredi ya 5 anayepanda basi la usiku Kanduyi kuelekea Nairobi, kisha ndege ya takriban saa sita hadi Mumbai, kisha nyingine hadi Chennai, na hatimaye gari la kilomita zipatazo 140 hadi Vellore. Joto la Mei huko hupita nyuzi 40, ilhali yeye ametoka mahali palipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu huzungumza Kitamil, si Kihindi alichokisikia kwenye filamu, na mabango yameandikwa kwa hati asiyoweza kuisoma. Anauliza jambo, anajibiwa kwa kichwa kinachoyumba kando kwa kando, naye anadhani amekataliwa kumbe amekubaliwa. Wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, na pilipili juu yake. Neno moja linalomwokoa ni chapati. Mama wenye busara hufungasha unga wa ugali kwenye mizigo.

Kuna pia macho ya watu. Wengi humkodolea kwa udadisi tu, wengine huomba kupiga picha naye au kumgusa nywele. Si haki kuficha kwamba ubaguzi upo. Machi 2017 wanafunzi Waafrika walishambuliwa na makundi ya watu huko Greater Noida, karibu na Delhi. Mtoto aambiwe mapema kwamba ana haki ya kukataa kuguswa. Mbu nao wana saa zao. Nyumbani amefunzwa kuogopa mbu wa usiku wa malaria, lakini mbu wa homa ya dengi huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Siku ya kutoa uboho, mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi na sindano huchomwa nyuma ya mfupa wa nyonga. Hapasuliwi wala hakatwi mfupa. Huamka na maumivu ya kiuno ya siku kadhaa, na mwili hurejesha kilichotolewa katika wiki chache. Huo ndio ukweli, nao ni mwepesi kuliko anaouwaza mtoto ambaye hakuambiwa lolote. Wapo wanaodhani damu yao yote itahamishwa. Wapo pia ambao, uboho usiposhika, hujiona ndio waliomuua ndugu yao. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2010 kwamba mtoto anayetoa uboho awe na mtetezi wake, asiyekuwa katika kundi linalomtibu mgonjwa. Sababu yake haihitaji kufafanuliwa sana: mzazi mwenye mtoto mahututi hawezi kuyapima maslahi ya wanawe wawili kwa mizani moja, hata akiwapenda sawa. Familia inafaa kuuliza kama hospitali ina mtu wa aina hiyo.

Baada ya hapo huanza kungoja. Uboho mpya huchukua kati ya wiki mbili na nne kushika, huku mgonjwa akiwa kwenye chumba cha peke yake, ambako mara nyingi watoto hawaruhusiwi. Kisha daktari humtaka akae karibu na hospitali hadi siku ya 100 hivi. Mama yuko wodini. Mtoa uboho, ambaye kazi yake ilimalizika siku moja, hubaki kwenye chumba cha kupanga akihesabu magari. Vitabu vya muhula, mwalimu aliye tayari kutuma kazi kwa simu, na mpango wa tathmini za shuleni katika mfumo wa umilisi ni mambo ya kupangwa na mwalimu mkuu kabla ya kuondoka. India iko mbele ya Kenya kwa saa mbili na nusu, hivyo simu ya baba baada ya kazi humkuta mtoto akisinzia.

Kwa mvulana wa Kibukusu kuna hesabu nyingine. Tohara hufanywa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Atakayekuwa Vellore mwezi huo hatapiga njuga na wenzake, na atangoje miaka miwili zaidi. Mtu wa Nairobi anaweza kuliona hilo dogo. Tarehe ya matibabu ikiwa inaweza kusogezwa bila kumhatarisha mgonjwa, na azungumziwe hilo.

Wakirudi, mgonjwa huhitaji kuchanjwa upya chanjo za utotoni. Kadi yake ya zamani ya hospitali nayo yaweza kupotosha: kundi lake la damu hugeuka polepole likawa la nduguye. Aliyeondoka akiwa A anaweza kurudi akiwa O, na mama hana budi kumweleza hivyo daktari wa Bungoma siku ya kwanza.