Sura ya Tano: Pete za Chala

Mwaka 1891 mwanamke wa Kimarekani, May French-Sheldon, aliondoka Mombasa na msafara wa wapagazi kuelekea nchi za Kilimanjaro. Katika mizigo waliyojitwika wapagazi wale mlikuwa na pete, maelfu ya pete, na kila moja imechongwa jina lake. Zilikuwa zawadi. Kila mzee, kila mke wa mtawala, kila mtu ambaye angekutana naye njiani alikuwa amekwisha kuchaguliwa zawadi kabla Mmarekani huyo hajavuka bahari. Huko juu, kaskazini ya Taveta, alishuka mpaka kwenye maji ya ziwa Chala akalizunguka kwa chelezo. Kushuka kwenyewe si kazi ndogo: kingo za ziwa hilo ni magenge, na maji yametulia chini kabisa ya shimo la volkano. Watu walimwita Bebe Bwana.

Tusizicheke pete hizo. Pete ni nyepesi, haiozi wala haivunjiki, na mpagazi mmoja hubeba mamia. Tena kila mpokeaji hupata sawa na mwenzake, jambo ambalo mgeni mwenye haraka hulisahau mpaka amekwisha kuzua wivu. Kasoro yake iko kwenye jina. Pete ile inamtangaza aliyeitoa, na haisemi lolote juu ya anayeivaa. Tukimchagulia zawadi mtu tusiyemjua, mkono wetu huangukia hapo hapo: kwa kuwa hatujui anapenda nini, tunampa kile tunachokipenda sisi, au kile kitakachomfanya atukumbuke.

Na bado watu wa njia ile ile walikuwa wameshajua kufanya vizuri zaidi, tena kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wa pembe kutoka Mombasa na Pangani hawakuwajua watu waliokuwa wakiwapelekea shanga na nguo. Wengine wasingewaona tena maisha yao yote. Walichokijua ni mahali. Walijua kwamba huku wanataka nguo ya marekani, kule wanataka ya kaniki, na kule mbele kwa Wamaasai usipokuwa na waya wa seng'enge hupiti. Richard Burton, aliyepitia Unguja mwaka 1857 akielekea maziwa ya bara, aliandika kwamba aina za shanga katika biashara ile zilikaribia 400. Shanga nyekundu za samesame zilizogombewa katika nchi moja zingeweza kulala kwenye gunia katika nchi ya pili. Aliyekosea hakuwa na duka la kwenda kubadilisha. Alirudi pwani, au alilala njaa na mzigo wake wa mali.

Taveta ilikuwa kituo cha kurekebisha makosa hayo. Msitu wa mto Lumi uliwapa wasafiri kivuli, maji, ndizi na usalama, nao waliweka kambi hapo kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia Umaasai. Msafiri Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alijifunza kwamba Wamaasai hawapokei shanga zilizolegea: sharti ziwe zimetungwa kwenye nyuzi, na kila uzi uwe na urefu wanaoujua. Msafara mzima ukakaa chini ukatunga, maelfu kwa maelfu ya nyuzi. Baada ya kukwama safari ya kwanza, Thomson alirudi Taveta, akateremka hadi Mombasa kuongeza mali, kisha akaungana na msafara wa Juma Kimameta wa Pangani, mtu aliyeijua njia ile vizuri. Vitabu vinamsifu Thomson kwa kuvuka Umaasai. Mimi nawasifu pia wapagazi waliokaa chini ya miti ya Taveta wakitunga shanga, maana waliandaa zawadi kwa kipimo cha mpokeaji wasiyemjua hata jina.

Humjui mtu, lakini mahali pake panajulikana. Sura hii yote imesimama juu ya hilo.

Kuna neno moja la njia ile linalotuonyesha zawadi inavyoweza kuharibika. Neno hilo ni hongo. Zamani hongo ilikuwa mali anayoitoa msafiri kwa mwenye nchi ili apite kwa amani, na ndani yake mlikuwa na heshima na ukaribisho pamoja na ushuru. Leo ukilitamka, kila Mkenya anasikia rushwa. Neno liligeuka kwa sababu kitu chenyewe kiligeuka: zawadi inayotolewa ili mlango ufunguke huanza kudaiwa, na ikishadaiwa si zawadi tena. Kwa hiyo ukimpelekea zawadi afisa ambaye kesho utamhitaji, usijisumbue kuchagua. Usipeleke.

Chala ina hadithi nyingine ya zawadi, nayo ni ya uongo. Tazama ramani: mpaka wa Kenya na Tanzania unakuja umenyooka kutoka Ziwa Viktoria, ukiukaribia Kilimanjaro unapinda, kisha unalikata ziwa Chala lenyewe. Wengi tumeambiwa kwamba Malkia Viktoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima ule kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Lakini mapatano yaliyoutenganisha mlima na Taveta yalifanywa mwaka 1886 kati ya serikali za Uingereza na Ujerumani, na Wilhelm alikuwa bado hajawa Kaisari. Alitawazwa mwaka 1888. Hakuna aliyempa mtu keki. Nadhani hadithi hiyo imedumu kwa sababu inaelezea vizuri jeraha la kweli: kitu cha watu kilitolewa na wasio wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa.

Sasa tuje kwako. Tuseme umealikwa Chala na mfanyakazi mwenzako, ukalale kwa wazazi wake ambao hujawaona. Umetoka Voi, umepita Mwatate, Bura na Maktau, na sasa gari limekushusha Taveta mikono mitupu. Usinunue ndizi. Malori yanazitoa Taveta kwenda Mombasa na Nairobi. Kumpelekea ndizi mtu wa huku ni kumrudishia shamba lake. Nenda kwa mama anayeuza sokoni, umwamkie, umwambie ukweli: "Shikamoo mama. Naenda Chala kwa watu nisiowajua, niwachukulie nini?" Atakuuliza kama kuna wazee, kama kuna watoto, utalala siku ngapi. Maswali hayo matatu yana thamani zaidi kuliko dukuduku lako lote kuhusu wanachokipenda. Huenda utaondoka na sukari, majani ya chai, sabuni ya kipande na mkate. Vitu hivyo huliwa na kutumika na nyumba nzima, havihitaji kujua saizi ya mtu wala rangi aipendayo, na mgeni mwenyewe atakunywa chai yake humo humo.

Leso ni nzuri zaidi, lakini ina mtego. Leso ina jina, na jina husomwa kabla ya rangi. Majina mengine ni mafumbo ya wake wenza na majirani waliokosana. Ukimpelekea mama usiyemjua, umeingia ugomvi usio wako. Msomee muuzaji jina kwa sauti, uchukue la dua au la shukrani.

Fedha je? Mwaka 1993 mwanauchumi Joel Waldfogel alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa Marekani juu ya zawadi zao za Krismasi: kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ilipotea, kwa kuwa wapokeaji wasingezilipia bei hiyo wenyewe, na hasara ilikuwa kubwa zaidi kwa zawadi za ndugu wa mbali. Hesabu yake inaelekea kwenye noti. Siipingi hesabu, lakini bahasha katika ziara ya kwanza humfanya mwenyeji ajione amekulipisha malazi.

Angalia pia ukubwa. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi hubeba wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Kwetu hilo halihitaji profesa, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Ukipeleka kitu kizito kwa watu usiowajua, unawapa deni; watamchinja kuku waliyemtunza kwa ajili ya jambo lingine. Kilo mbili za sukari hulipwa kwa mkungu wa ndizi wakati wa kuagana, na nyote mnabaki sawa.

Kwa hiyo ukishuka Taveta, usipande gari la Chala kabla hujapita sokoni ukauliza.