Je, Wajua? Njaa ya Mgunda Mkali Haitibu Kutetemeka

Je, wajua kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku? Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh (ndiyo Tabora ya leo) mwaka 1857, alikipima kibaba hicho: karibu gramu 700. Kama ni mtama, hizo ni kalori 2,400 hivi, na hazimtoshi mtu anayetembea na mzigo tangu alfajiri. Msafara ukiingia Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, hata kibaba kilikuwa cha kubahatisha.

Njaa hiyo ilikuwa ya kulazimika; lakini je, wajua kwamba kula kidogo kwa mpango kuliwahi kukinga ubongo? Huko Marekani watafiti waliwapunguzia kima chakula kwa asilimia 30 kwa miezi sita, kisha wakawapa sumu inayoua seli zitengenezazo dopamini, zile zile zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Matokeo yalitoka mwaka 2004: kima hao walimudu kutembea vizuri kuliko wenzao waliokula kama kawaida, na dopamini yao ilibaki nyingi zaidi. Kwa binadamu, bado hakuna jaribio lililothibitisha jambo hilo.

Tena kima wale hawakukosa protini, vitamini wala madini. Mwenye njaa hukosa vyote kwa pamoja, na madhara yake tumeyaona hapa hapa Tanzania. Ukame ulipoipiga Tarime katika miaka ya 1980, watu walikula muhogo mchungu kabla haujatolewa sumu sawasawa, bila samaki wala maharage. Ili mwili uiondoe sianidi ya muhogo, unahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Baadhi ya walioikosa wakapata konzo: miguu hukakamaa ghafla, na haipon­i tena. Daktari William Howlett na wenzake waliwachunguza, wakaandika habari zao mwaka 1990.

Kwa hiyo mzee anayetetemeka kwa Parkinson asinyimwe chakula hata kidogo. Wagonjwa wengi wa Parkinson hupungua uzito wenyewe, na kukonda huwadhoofisha zaidi. Kinachohitaji kupangwa ni saa ya kula. Levodopa, dawa ya ugonjwa huo, hupenya utumbo kwa njia ile ile inayopitisha protini iliyosagwa, nazo hugombania nafasi. Mgonjwa ameze kidonge nusu saa hivi kabla ya sahani ya maharage au nyama, kisha ale ashibe.