Kamba ya pilipili au mizinga: kipi kinalipa shambani Mikumi?

Mahindi yakianza kubeba, wakulima wengi wa Kilosa wanaopakana na Hifadhi ya Mikumi huhamia shambani na kulala kwenye madungu. Hifadhi haina ukuta, na tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 kwa siku. Kundi likiingia usiku, ekari haifiki asubuhi.

Njia nyepesi mfukoni ni tochi kali, debe na vuvuzela. Nunua leo, tumia leo. Ila kila usiku anahitajika mtu wa kukesha kwa wiki kadhaa, anaumwa na mbu, na kesho jembe linamngoja. Tembo nao huzoea kelele. Kwangu hiki ni kifaa cha akiba, tena cha kutumia ukiwa mbali. Kumfuata tembo gizani na debe ni kujitakia kifo.

Kamba ya pilipili, yaani uzio wa kamba na matambara yaliyopakwa pilipili na oili, inahitaji hesabu. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 255 hivi. Ukipitisha kamba mistari miwili, unahitaji zaidi ya mita 500, nguzo, matambara, pilipili kichaa ya kusaga na oili chafu ya gereji. Oili hushikilia pilipili isioshwe na manyunyu, lakini mvua kubwa ikipiga lazima upake upya. Vaa glovu na funika macho. Kamba ya katani ipo Kilosa, wilaya ya mashamba ya mkonge, na oili chafu ni ya bei ndogo; kinachokula pesa ni pilipili na nguzo. Panda pilipili yako mwenyewe, gharama inashuka sana.

Mizinga ya nyuki ndiyo ghali kuanza. Huning'inizwa kwenye waya kila baada ya mita 10, mzinga halisi ukipishana na ubao wa kudanganyia. Tembo akigusa waya, yote inayumba na nyuki wanatoka. Kwa ekari moja ni mizinga 13 hivi. Huko Sagalla, jirani na Tsavo nchini Kenya, utafiti wa Lucy King na wenzake uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa misimu ya mazao ikiwa mizuri, uzio huo ulizuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Ukame ukija nyuki huhama, na mzinga mtupu hautishi mtu wala tembo. Asali hurudisha sehemu ya mtaji, iwapo kuna maji na maua karibu.

Mwenye ekari moja peke yake, achukue kamba. Majirani wanne wakiungana, hesabu inageuka: ekari 4 zina mzunguko wa mita 510 tu, yaani ardhi mara nne kwa uzio mara mbili. Kila mmoja anachangia mizinga 6 au 7. Hapo ningenunua mizinga bila kusita.

Usitegemee kifuta jasho cha serikali kama bima. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali kutoka hifadhini, na mwisho ekari 5. Kiwango hicho cha chini hakikulipa hata trekta la kulimia.

Ukishavuna, ondoa magunia shambani siku hiyohiyo. Tembo akinusa mahindi atabomoa kibanda kuyafuata, hata kama kuna mtu amelala ndani.