Kijana akitoka hospitali, tuendelee kumfuata

Ndugu wazazi na viongozi, kijana aliyejaribu kujiua akirudi nyumbani Kasapa, hasa katika familia iliyokimbia vita, msidhani amekwisha kupona. Wiki za kwanza ni za hatari sana.

Mwaka 2008 jarida la Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Karibu nusu yao walizungumza na mhudumu kwa saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9 katika miezi 18. Kati ya hao, 2 walijiua baadaye. Kati ya wenzao, 18. Ni simu na ziara tu!

Shefu wa kartie na wazazi wachague mtu ambaye kijana anamwamini, wala habari zake zisitangazwe mtaani. Mwulizeni kama analala, kama dawa zipo, kama bado anawaza kufa. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Maombi ni mema, lakini yasimwachishe dawa. Akisema ana mpango wa kujiua, msimwache peke yake: ondoeni sumu na vidonge, mpelekeni kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, hapa Lubumbashi, au hospitali ya karibu, hata usiku.