Ukuta wa Matofali Wahitaji Lipu ya Namna Gani?

Katika mji wa Morogoro na vijiji vya Milima ya Uluguru zimo nyumba za zamani za matofali ya kuchoma ambazo kuta zake zimeanza kuliwa na mvua. Mwenye nyumba huona kwamba dawa yake ni lipu ya saruji nyingi, iwe ngumu kama jiwe. Je, shauri hilo ni jema?

Tofali lina vinyweleo vidogo mno. Maji ya mvua huingia humo, na mengine hupanda kutoka ardhini ikiwa msingi hauna kizuizi cha unyevu. Jua likiwaka, maji hayo hugeuka mvuke na kutoka. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayokabili pepo za Bahari ya Hindi, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Huko ukuta usioweza kukauka huharibika upesi.

Lipu yenye saruji nyingi hupitisha mvuke kwa shida, tena husinyaa na kupata nyufa. Maji hupenya katika nyufa hizo, lakini hayapati njia ya kutokea. Chumvi iliyomo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, hata ikaanguka pamoja na uso wa tofali. Hasara huwa mbili.

Kanuni ni hii: lipu isiwe ngumu kuliko ukuta unaoibeba. Wajenzi wa Kilwa Kisiwani walitumia chokaa ya matumbawe karne nyingi kabla ya kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kuanza kazi mwaka 1966. Chokaa iliyozimwa kwa maji hufyonza kaboni dioksidi hewani na kugeuka jiwe polepole, huku ikibakiza vinyweleo.

Fundi na achanganye ndoo 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga safi. Kwa matofali laini, 1, 2 na 9. Ukuta ulowanishwe kwanza, na lipu mbichi ikingwe na jua kali. Ajihadhari: chokaa huunguza macho.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili. Yapigeni lipu matofali mawili pande zote: moja kwa saruji 1 na mchanga 3, la pili kwa 1, 2 na 9. Baada ya majuma manne, yalowekeni mpaka yasiongezeke uzito, kisha yapimeni kila siku. Ni lipi linalotangulia kupoteza maji yake, na kwa nini?