Masikio ya mtoto hayajui daraja la tiketi

Gari linapoacha lami pale Makanya, wilayani Same, na kuanza kupanda milima ya Upare kuelekea Suji, mtoto aliyepakatwa ndani yake hupatwa na jambo lilelile litakalompata ndani ya ndege. Mgandamizo wa hewa ya nje unapungua, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio inatanuka, na akimeza mate sehemu yake inatoka. Lau angepandishwa hadi kilele cha Shengena, takribani mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, angekuwa anavuta hewa inayokaribia kabisa ile ya abiria aliye juu ya mawingu. Ndege yenyewe huenda iko mita 11,000, lakini mitambo yake hukandamiza hewa ndani ili hali iwe kama ya mlimani, kwa kawaida isizidi mita 2,440. Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, huishusha hali hiyo hadi kama mita 1,800.

Naanza na milima ya Upare kwa sababu ya swali linalonijia kila Desemba inapokaribia. Wazazi waliozaliwa Same, wanaoishi Uholanzi, Ujerumani, Doha au Muscat, wanataka kumleta mtoto nyumbani bibi na babu wamwone. Wamejibana, au mwajiri amewasaidia, na wanauliza: tukikata tiketi ya daraja la biashara, mtoto atasafiri salama zaidi? Jibu langu ni kwamba kiti cha mbele kinamfaa sana mzazi, naye mzazi aliyepumzika ni faida kwa mtoto. Ila hewa ya mbele na ya nyuma ni ileile na mgandamizo ni uleule. Yanayomlinda mtoto angani hayauzwi pamoja na kiti.

Tuanze na masikio, maana ndiyo yanayowaliza wengi. Maumivu huja zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa. Mrija unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua ni kama mlango unaosukumwa upande mmoja: hewa ya ndani hutoka bila shida, ile ya nje hushindwa kuingia mpaka misuli ya koo iuvute mrija ufunguke. Misuli hiyo hufanya kazi mtu anapomeza au kupiga miayo. Kwa mtoto mchanga mrija ni mfupi, mwembamba, tena umelala karibu usawa, hivyo mafua madogo tu huuziba. Mtu mzima anaweza kubana pua na kupuliza. Mtoto hana uwezo huo, na akiwa usingizini humeza kwa nadra.

Dawa yake ni kunyonya, na inataka wakati wake. Ndege za masafa marefu huanza kushuka kama dakika 30 kabla ya kutua, kwa hiyo anayesubiri tangazo la kufunga mikanda amekwishachelewa. Mama wengi humnyonyesha mtoto akashiba ndege inapopaa, kisha akalala fofofo mpaka maumivu yamwamshe wakati wa kushuka, naye hataki tena titi. Afadhali amwekee akiba ya njaa: anyonye kidogo wakati wa kupaa, na mnyonyo mkubwa usubiri kushuka. Amwamshe ikibidi. Aliyezidi miezi sita anaweza pia kupewa kikombe cha maji au kipande cha mkate atafune. Wa chini ya miezi sita ni maziwa tu, hata kama hewa ya ndege inamkausha mama midomo, kwani ukavu huo haumpotezei maji kiasi cha kuhitaji kitu kingine. Na akilia, mama asione aibu. Kulia nako huyafungua masikio.

Kuna jambo ambalo wahudumu wa ndege hawalitangazi, nalo lina maana kubwa kwa watu wa kwetu: viwanja havilingani. Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, uko mita 894 juu ya usawa wa bahari. Schiphol wa Amsterdam uko mita tatu chini ya usawa huo wa bahari. Bole wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300, yaani unakaribia Shengena. Basi mtoto anayetua Addis masikio yake hayasumbuki sana, kwa kuwa hewa ya nje inakaribia kufanana na aliyokuwa akiivuta angani. Anayetua Amsterdam, Doha au Dar es Salaam hupokea tofauti yote. KIA iko katikati. Familia inayopitia Addis isidanganyike na utulivu wa mtoto huko ikamnyonyesha ovyo katika safari ya pili kuelekea Ulaya, kwa sababu mteremko mkubwa ndio kwanza uko mbele.

Pumzi ndilo jambo ambalo daktari huliogopa kuliko masikio. Katika hali ya mita 2,440 mgandamizo wa hewa, na pamoja nao oksijeni inayofika mapafuni, hubaki kama robo tatu ya ule wa pwani. Mtoto mwenye afya hulimudu hilo, na watoto wa Chome na Mbaga wanazaliwa na kukulia milimani Upare bila tatizo. Lakini mashirika mengi hayampokei mtoto wa chini ya siku saba, mengine huongeza hadi wiki mbili, kwa sababu siku za mwanzo mapafu bado yanajipanga. Mtoto njiti hesabu yake ianzie tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na aliyewahi kuwekewa oksijeni aonwe na daktari kwanza. Aliyetoka kuugua nimonia asubiri. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, chini ya gramu 7.5 kwa desilita, anahitaji ushauri wa daktari kabla ya tiketi kulipiwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na wengine hugundulika wakiwa wamekwishakuwa wakubwa. Mtoto wa selimundu aliyepata maumivu makali ndani ya siku kumi zilizopita asipandishwe ndege, iwe kiti cha mbele au cha nyuma.

Hapa nasema kwa uchungu kuhusu dawa za kumlaza mtoto. Jamaa watamshauri mama ampe Phenergan au Piriton kidogo, alale, asiwakere watu, na ushauri huo husikika zaidi pale tiketi ilipokuwa ya bei kubwa. Phenergan, yaani promethazini, haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo litolewe kwa sababu watoto walishindwa kupumua, wengine wakafa. Kumpunguzia pumzi mtoto mahali ambapo oksijeni imekwishapungua, huku taa zimezimwa na mzazi amelala, ni hatari isiyolingana na aibu yoyote ya kelele. Zaidi ya hayo, mtoto aliyeleweshwa hamezi, kwa hiyo masikio yake yatamuuma vilevile akitua.

Malalamiko kuhusu kelele hizo yamewahi kuwa sera. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba Malaysia Airlines haikuwa ikipokea watoto wachanga katika daraja la kwanza la Boeing 747, na mashirika mengine ya Asia yakaja kutenga sehemu za ukimya ambazo watoto hawaketi. Sioni kosa kwa anayelipa zaidi ili alale. Lakini katika daraja la biashara mashirika mengi yanaruhusu watoto, na mama wa Kipare aliyelipa nauli yake ana haki ileile ya kukaa pale.

Sasa kiti chenyewe. Katika safari ya usiku ya saa nane kutoka Ulaya, kiti kinacholala kinampa mama mgongo ulionyooka, nafasi ya kunyonyesha bila kugongana viwiko na jirani, foleni fupi, na mizigo miwili ya kilo 32 katika mashirika mengi, ambayo kwa familia yenye pampasi na zawadi za ukoo mzima si jambo dogo. Hayo ni kweli na nayaheshimu. Wasichokijua wengi ni kwamba vitanda vidogo vya watoto, vile vinavyopachikwa ukutani mbele ya mzazi, ni vichache mno katika daraja hilo, na ndege nyingine hazina hata kimoja. Nyuma huenda ukapata. Kila kitanda kina kikomo cha uzito, mara nyingi kilo 10 hivi, na kikomo cha urefu. Soma uzito kwenye kadi ya kliniki wiki hiyohiyo, usitegemee ule wa chanjo ya miezi mitatu iliyopita, kisha uombe kitanda siku unayokata tiketi.

Viti vya kisasa vya mbele vimezungushiwa kuta ili kila abiria awe na faragha. Kwa mtoto wa miaka mitatu faragha hiyo ni kutengwa: yuko upande wa pili wa ukuta, mama hamfikii bila kufungua mkanda. Ndege ndogo kama Airbus A220 ya Air Tanzania, yenye viti 12 vya biashara vilivyopangwa wawiliwawili, humweka mtoto ubavuni pa mzazi vizuri zaidi kuliko chumba cha kifahari cha mtu mmoja. Baadhi ya viti vya mbele vina mkanda wenye mfuko unaojaa hewa ghafla ndege ikigonga, na mkanda huo haufai kumfunga mzazi aliyempakata mtoto. Waulize kabla, la sivyo utahamishwa mlangoni. Na hicho kiti kinacholala si kitanda cha nyumbani. Kina kingo, mito na mianya. Mtoto akilazwa kando ya mama aliyechoka anaweza kubanwa pua au kuteleza sakafuni.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hulipa kama asilimia 10 ya nauli ya daraja la mzazi katika safari nyingi za kimataifa, akikaa mapajani. Tuseme tiketi ya mbele ni shilingi milioni nane: mapaja yako mwenyewe yatagharimu laki nane, bado kodi. Familia ikikubali kukaa nyuma, fedha hizo zinaweza kusaidia kumnunulia mtoto kiti kamili na kumfunga ndani ya kiti chake cha gari kilichoidhinishwa kwa ndege. Ningeshauri hivyo bila kusita.

Sababu ni mkono wa mama. Julai 1989 ndege ya United namba 232 ilianguka Sioux City, Marekani, ikiwa na watoto wanne wa mapajani. Mhudumu mkuu, Jan Brown, alifuata maelekezo ya wakati ule akawaambia wazazi wawalaze watoto sakafuni. Mmoja wao alikufa, na mhudumu huyo alitumia miaka mingi akidai kila mtoto awe na kiti chake. Januari 2024, ndege ya Alaska Airlines ilipong'oka kipande cha ubavu angani karibu na Portland, ndani mlikuwa na watoto watatu wa mapajani. Walisalimika, lakini hakuna mkono unaoweza kuhimili nguvu kama zile. Ndege za Ulaya humpa mzazi mkanda wa kitanzi unaopita katika mkanda wake. Marekani imeukataza, kwa hofu kwamba mzazi akirushwa mbele atambana mtoto. Wakipingana wataalamu hivyo, kiti cha peke yake ndicho kinachobaki bila ubishi. Akiwa mapajani, mkao wenu unaamuliwa pia na barakoa za oksijeni: mara nyingi kila upande wa safu huwa na ya ziada moja tu, ndiyo maana wenye watoto wawili wachanga hawakalishwi pamoja. Zikishuka, vaa yako kwanza. Katika kimo cha safari fahamu hubaki kama nusu dakika hadi dakika moja, na mama aliyezimia hamvishi mtu.

Mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani iliwaeleza wabunge kwa nini haikulazimisha viti kwa watoto wote. Hoja yake ilikuwa kwamba nauli ikipanda, familia nyingi zitasafiri kwa gari, na barabarani watakufa watoto wengi kuliko watakaookolewa angani. Mtu anaweza kuipinga, lakini hesabu yake inatugusa sisi, kwani safari ya mtoto huyu haiishii KIA. Bado kuna Moshi, Himo, Mwanga, Same, ndipo Makanya. Ni barabara hiyohiyo ambako Juni 28, 2025, katika eneo la Sabasaba, Same, basi na basi dogo viligongana vikawaka moto, na watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha. Nimeona familia zinazomfunga mtoto kwa uangalifu wote angani, kisha zikitoka nje ya uwanja usiku zinampakata kwenye kiti cha mbele cha gari la Noah lililojaa mabegi, na shangazi anampokezana na binamu njia nzima.

Kwa hiyo kile kiti cha gari kisiachwe Ulaya, na kisifungwe ndani ya maboksi. Mpigie dereva kabla hujasafiri, umuulize kama kiti chake cha katikati kina mkanda unaofanya kazi na unaopita begani, maana vingi vina wa kiunoni tu na viti vingi vya watoto havishiki hapo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aangalie nyuma. Mama akae kando yake, si mbele. Ndege ikichelewa mkatua usiku sana, laleni Moshi, mwondoke kumekucha, na wa Makanya wapigiwe simu wasikeshe wakiwangoja.