Keria, Sanduku na Shogi
Huko Hasamba, wilayani Mbozi, katika nchi ya kahawa, mizigo ya pikipiki hufungwa kwa mipira juu ya keria. Mfasiri wa maelezo ya vifaa vya kuongezea akiita mifuko ya ubavuni "sanduku la nyuma", hakosei neno tu: fundi ataweka uzito nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele liwe jepesi mlimani, na usukani usitii. Twapendekeza shogi, jina la kale la mfuko uninginiao pande mbili za punda. Hivyo, keria ni chuma kifungwacho kwa bolti kwenye fremu. Sanduku hukaa juu yake. Shogi hukaa ubavuni, mbali na bomba la moshi, pande zikilingana uzito.